Dagaa hawakui wakawa migebuka, na mengine tunayoapia kuhusu wanyama

Juzi nilikuwa Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma, namsaidia mama mkubwa kufunga viroba vya dagaa, mzigo wa mteja wake wa Dar, jua kali mpaka mchanga unaunguza kupitia ndala, simu yake ikaita akaniambia weka spika, mi mikono yangu michafu. Mteja akasema, "Shikamoo mama, safari hii naomba unitafutie wakubwa wakubwa bana, hivi vitoto si mngeviacha ziwani vikue kwanza." Mama mkubwa akanyamaza kidogo afu akajibu, "Marahaba mwanangu. Hao unaowaita vitoto ni mabibi, wana wajukuu."

Mteja akacheka akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa.

Tena sio watu wa Dar tu, hata hapahapa mwisho wa reli wapo wanaoamini dagaa ni watoto wa migebuka, wale samaki wakubwa zaidi wa Ziwa Tanganyika. 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kuna jamaa kijiweni pale Mwanga alikuwa anatuhakikishia kwamba wakifungua hatutakuta dagaa, wote watakuwa wameshakuwa migebuka. Anaongea kwa kujiamini, kikombe cha kahawa mkononi, na watu wanaitikia. Nikawa najiuliza mtu mzima aliyekulia ufukweni kitu kama hicho kakitoa wapi, na nilivyozidi kuulizauliza nikaona hajakitoa hewani. Kuna kitu amekiona. Ndo nikaja kugundua kwamba mengi tunayodanganyana kuhusu wanyama hayakuanzishwa na muongo, yalianzishwa na mtu aliyeona kitu kwa macho yake kabisa, ila akaunganisha vibaya. Jicho lilikuwa sawa, hesabu ndo ikakosewa.

Angalia hao dagaa. Ziwa Tanganyika lina aina mbili za dagaa na wote ni wa ukoo wa baharini, ukoo mmoja na wale sadini wa kwenye kopo, mababu zao waliingia barani kutoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita wakazoea maji baridi wakabaki hukuhuku. Yule anayevuliwa sana akifika sentimita 10 hapo ndo mwisho wake, kabla hata hajafika hapo ameshataga, na akivuka mwaka na miezi kadhaa huyo ni mzee. Aina ya pili inakuwa kubwa kidogo lakini nayo ni dagaa, inazaliwa dagaa inakufa dagaa. Mgebuka ni kitu kingine kabisa, yeye na sangala wetu ni ndugu wa karibu wa sangara wa Mwanza, na kazi yake mjini ni kumla dagaa. Sasa kwa sababu anamla, anamfuata. Dagaa wakisogea, migebuka nao nyuma, wavu ukipandishwa unakuta dagaa wamejaa, ndani yake vigebuka vidogo saizi hiyohiyo ya dagaa vinang'aa vilevile, pembeni migebuka ya saizi ya kati, afu mikubwa miwili mitatu. Mtu anaangalia lile rundo anaona ngazi, mtoto, kijana, mtu mzima. Mi mwenyewe kama nisingeambiwa ningesema hivyohivyo.

Na hapa kwenye dagaa kuna kitu kinaniudhi zaidi ya hicho, mtu anakwambia "dagaa ni dagaa tu, wa Kigoma na wa Mwanza tofauti yake bei." Hapana. Dagaa wa Mwanza hata sio ndugu na huyu wetu, yeye yuko upande wa kina ningu, samaki wa mitoni na maziwani, wamefanana umbo na wakapewa jina moja sokoni basi. Ukitaka ndugu halisi wa dagaa wa Kigoma nenda Zanzibar au Kilwa ukawaulize dagaa wa baharini, hao ndo wanajuana kiukoo, japo katikati pana kilomita zaidi ya elfu moja za nchi kavu. Au nenda Kariba kule Zambia na Zimbabwe, wale kapenta wao walichukuliwa humu humu Tanganyika miaka ya 1960 wakapandikizwa kule.

Utasikia pia dagaa wanaogopa mwezi, ndo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Nyavu kweli wanashona, lakini dagaa haogopi kitu. Usiku vijidudu vya majini anavyokula vinapanda juu naye anapanda navyo, kukiwa giza totoro taa ya mvuvi ndo mwanga pekee eneo lile kwa hiyo vyote vinakusanyika chini yake, karabai zamani, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa taa. Samaki yupo ila hajakusanyika, na mvuvi hawezi kuchoma mafuta ya boti akatafute samaki waliotapakaa.

Tukiwa bado majini. Tulipokuwa wadogo tukivua kwa ndoano kwenye mawe upande wa Katonga, siku moja mwenzetu alivuta samaki mdogo wa mistari, akamminya kumtoa ndoano, mdomoni vikamwagika visamaki vidogo kama punje za uwele, vina macho, vinacheza kiganjani. Tukapiga kelele tukamtupa. Huyu anakula wanawe! Tulisimulia shule nzima, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa na chuki binafsi na yule samaki.

Kumbe alikuwa mama bora kuliko wote ziwani. Aina nyingi za samaki wa mawe wa Tanganyika, na ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo tu, jike akitaga anayachukua mayai mdomoni na kuyalea humohumo wiki kadhaa, na muda wote huo anakula kidogo sana au hali kabisa, anakonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa. Watoto wakitoka kutembea wakiona hatari wanarudi mdomoni. Sisi tuliona watoto mdomoni mwa mama yao tukahukumu, mdomo kwetu una kazi moja.

Ila hadithi ya huyo mama ina sehemu ya uchungu. Kuna samaki humu ziwani wa jamii ya gogogo, mwenye madoadoa na sharubu. Wakati jike wa wale samaki wa mawe anataga, gogogo huyu na mwenzake wanaingia kwa fujo katikati, wanakula mayai kadhaa na wanaacha ya kwao, na yule mama kwa haraka ya kuokoa mayai anazoa yote anafunga mdomo. Ya gogogo yanaanguliwa kwanza. Yakishaanguliwa watoto wake wanaanza kula mayai ya mwenye mdomo, humo ndani, mama anaendelea kushinda njaa akilea wauaji wa wanawe. Ndege wapo wanaofanya ujanja wa kutagia viota vya wenzao, lakini kwa samaki ni huyu tu anajulikana kuishi kwa kutegemea ujanja huo, na anapatikana hapa Tanganyika, sio sehemu nyingine yoyote duniani. Ukimwona kwenye karai sokoni unamwona wa kawaida kabisa.

Haya, popo. Samahani kwa wanaokula. Nimekulia Ujiji kwenye miembe, msimu wa maembe usiku ni vurugu mtindo mmoja, na kila mtoto wa Ujiji amefundishwa kwamba popo hana sehemu ya kutolea haja, anakula kwa mdomo na kutoa kwa mdomo, ndo kaumbwa hivyo kwa laana. Watu wanaapa. Na ukimwambia mtu sio kweli anakupeleka chini ya mwembe asubuhi anakuonyesha ushahidi, vidonge vya nyuzinyuzi za embe vikavu vimetapakaa, "haya hiki nini?" Ushahidi ni wa kweli, tafsiri ndo tatizo. Popo wa matunda hamezi embe zima, anatafuna, anakandamiza kwa ulimi kwenye kaakaa anameza juisi, nyuzi anazitema. Unachookota chini ni makapi ya muwa, sio choo. Choo chake kipo na kinatoka panapostahili, tena haraka sana, chakula kinapita ndani ya saa moja au pungufu. Na swali la pili ambalo kila mtu ana aibu kuliuliza, akining'inia kichwa chini si atajichafua? Anajigeuza. Anashika tawi kwa vidole gumba vya mbawa anakuwa wima kama sisi, anamaliza, anarudi kichwa chini. Nimeshamwona kwa macho yangu, mchana, kwenye mchikichi nyuma ya nyumba, na nilikaa nimesimama pale kama mjinga nusu saa nikisubiri.

Wala sio kipofu. Hawa wetu wa matunda wana macho makubwa wanaona vizuri tu gizani na wananusa balaa, ule mtindo wa kupiga kelele na kusikiliza mwangwi zaidi ni wa wale wadogo wanaokula mbu na nondo. Ila lile katazo la bibi la kutookota embe lililong'atwa na popo mlishike vilevile. Sababu yake sio laana, ni magonjwa, popo wa matunda ndo wanaobeba virusi vya Marburg, ule ugonjwa uliotokea Kagera 2023. Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi kwa sababu ambayo si sahihi, inatokea.

Sasa nyoka, na hapa naomba utulie maana hapa kosa la hesabu linaua mtu.

Mdogo wangu mtoto wa mjomba aling'atwa mguuni akitoka shamba upande wa Uvinza, jioni, kwenye majani. Wakamfunga mguu kwa kamba kwa nguvu, wakamchanja, wakamwekea jiwe la nyoka. Lile jiwe jeusi mnalijua, linawekwa kwenye jeraha linaganda lenyewe, likishiba sumu linadondoka, unalichemsha kwenye maziwa linakuwa tayari kwa mwingine. Likaganda kweli. Saa kadhaa baadaye likadondoka. Dogo akaamka asubuhi mzima anaomba ugali. Kijiji kizima kikaona, sasa we nani uje useme jiwe halifanyi kazi?

Nilichofanya mimi niliuliza nyoka yuko wapi, wakanionyesha wamemtupa nyuma ya choo. Nyoka wa kahawia, mwembamba, ana mstari mweupe kupita jichoni. Nyoka wa nyumbani. Anakula panya, hana sumu kabisa. Yule dogo hata angewekewa kipande cha sabuni angepona.

Ndo ilivyo na jiwe. Kwanza sio jiwe, ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu vidogo vidogo, ukiugusisha na kidonda chenye unyevu unanyonya na kushika, hata ukiuweka kwenye ulimi wako sasa hivi utashika, na wewe hujang'atwa na nyoka. Ukilowa vya kutosha unaachia. Sumu yenyewe haikai pale juu kusubiri kunyonywa, inaingia ndani ya nyama na kusambaa mwilini. Halafu nyoka wengi wanaong'ata watu hawana sumu ya kuua, na hata wenye sumu kuna mara wanang'ata bila kuimwaga. Hao wote wanahesabiwa ni ushindi wa jiwe. Yule aliyekufa utasikia "alicheleweshwa jiwe." Kwa hiyo jiwe halishindwi kamwe, na kitu ambacho hakishindwi kamwe mi kinanitia wasiwasi.

Ukweli wenyewe hauna mbwembwe. Mtu aking'atwa atulie, mguu usichezeshwe, vua pete na bangili na viatu kabla hajavimba, mpeleke hospitali haraka kwenye dawa ya kuzuia sumu. Usifunge kamba ya kubana damu, usichanje, usinyonye. Kamba imewakatisha watu miguu ambayo sumu ingeiacha. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi muda mrefu afu uende hospitali, hayo mambo ya kukamulia hiki na kile machoni acha. Shirika la Afya Duniani 2017 liliweka kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na mi naona limesahaulika haswa, coz wanaong'atwa ni wakulima na watoto, sio wa kwenye maofisi.

Mengine ya nyoka ni mepesi. Ulimi wake wa panda sio mwiba, ananusia. Nyoka wa vichwa viwili unayemfukua ukilima ni yule kipofu wa udongoni, mkia butu unafanana na kichwa, hana madhara yoyote na kila siku anauawa bure. Na ile kwamba ukiua mmoja mwenzake anakuja kulipiza kisasi, nyoka hana ndoa ya hivyo, wakionekana wawili sehemu moja mara nyingi ni msimu wa kupandana au pana panya wengi. Panapokufa mmoja panya bado wapo, mwingine anakuja kula, we unaona msiba umejibiwa.

Kinyonga simkawizi. Hana sumu, na habadilishi rangi kufuata alipokaa. Mweke kwenye kitenge cha mama uone kama atatoa maua. Rangi yake ni hasira, woga, mapenzi, baridi na joto, na 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba kwa kinyonga waliyempima siri kubwa haiko kwenye rangi yenyewe, iko kwenye vipande vidogo sana kama vya kioo ndani ya ngozi anavyovisogeza vikatanuka au kubanana na mwanga ukarudi tofauti. Tunamwona wa kijani kwenye majani kwa sababu ya kawaida tu, wengi wao wakitulia ni wa kijani na wanaishi kwenye majani.

Fisi nilimalizana naye kwa baba mdogo Tabora, yeye anasisitiza kwamba fisi ni dume mwaka huu, mwakani jike, na kwamba wachawi wa kule wanampanda usiku, hiyo ya wachawi sikuigusa. Ila ya jinsia aliona kweli, fisi jike madoa ana kiungo kinachofanana na cha dume kabisa na anazalia hapohapo, kwa shida kubwa. Ukimwona leo "dume" kesho ananyonyesha utasema nini? Jike ndo mkubwa wa ukoo pia, na nyama nyingi anayokula amewinda mwenyewe. Kule Ngorongoro waligundua miaka ya 1960 kwamba ni simba ndo alikuwa anakuja asubuhi kupora mawindo ya fisi, afu watalii wanapiga picha simba yuko katikati fisi wamezunguka wanasubiri, basi mwizi akawa fisi.

Sokwe nao. Boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, zinaondokea hapohapo Kibirizi na bado watu wetu wanaita wale "nyani". Nyani ana mkia, sokwe hana, na kwa ukoo sokwe yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na nyani. Hapo ndo mtu anaruka, "kwa hiyo mnasema babu yangu ni sokwe?" Hakuna anayesema hivyo. Sokwe wa leo ni binamu, mnashea babu wa zamani sana, miaka milioni 6 au 7 hivi, ambaye hakuwa wewe wala yeye. Mtafiti Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 dunia ilikuwa inaamini vitu viwili kuhusu sokwe: anakula majani na matunda tu, na kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Mwaka huohuo vyote viwili vikavunjika, alimwona sokwe akila nyama, na akamwona sokwe anachukua kijiti anapukuchua majani anakichomeka kwenye kichuguu anavua mchwa. Goodall amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Na kwenye klipu za watsapu ukiona sokwe amekenua meno yote watu wanasema anacheka, yule anaogopa.

Kuna moja ningeikataa kama ningesikia kijiweni, kwamba sokwe akiugua anajitibu. Ni kweli. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe ufukweni mwa ziwa hilihili, Novemba 1987, sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku alikuwa hoi, akaenda kwenye kichaka cha mjonso, akamenya tawi akatafuna utomvu wake mchungu, chakula ambacho sokwe mzima hagusi, na kesho yake akawa na nafuu. Mtafiti, Michael Huffman, alikuwa na mzee wa Kitongwe, Mohamedi Seifu, na huyo mzee ndo alimwambia kwamba hiyo ni dawa kali, hata wao wanaitumia kwa tumbo. Hapo jicho na hesabu vyote vilikuwa sawa, na vilikuwa kwa mzee wa porini.

Mchwa nao nimalizie. Mvua za kwanza zikipiga mama mkubwa anakinga beseni chini ya taa, kumbikumbi wanajaa, anawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, hagawi ovyo. Siku ile tunafunga viroba nikamwambia, kumbikumbi sio mdudu tofauti, ni mchwa wenye mbawa, wafalme na malkia wanaotoka kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Akasema hilo analijua. Nikamwambia na ule uyoga mkubwa unaoota kwenye kichuguu wamelima wao, humo ndani wana shamba. Akasema enhe, ndo maana mtamu. Nikamwambia na mchwa hana undugu na siafu wala sisimizi, ndugu yake ni mende.

Akaacha kamba ya kiroba akaniangalia. "Mende huyu wa kabatini?"

Ndiyo mama.

"Basi hiyo ya mende kaandike huko kwenye simu yako, mvua zikianza usiniletee jikoni."